Folda ya Chome

Kitu cha kwanza Mwanapili alichokiona ni mkono. Mkono mdogo kwenye kioo cha kompyuta, umeishika folda kwa chini kama mtu abebaye sinia.

"Mbona hii ina mkono na zile hazina?" aliuliza, kwa sauti ya kunong'ona.

Chome, fundi kutoka Msambweni, aligeuka. Siku nne alikuwa akipitisha waya katika nyumba ya Mzee Chirau pale Waa, kuiunganisha kompyuta ya barazani na ile ya chumba cha ndani, na hakuwahi kumsikia binti huyu wa mzee akitamka neno.

"Lo! Kumbe una ulimi," alimtania. "Yenye mkono iko wazi. Ukiwa kule ndani unaweza kuifungua, ukasoma, hata ukaandika. Isiyo na mkono ni ya mwenyewe."

Mzee Chirau alikodisha nyumba mbili kwa watalii kule Diani, na barua za wageni wake hakutaka zionwe na kila apitaye. Kwa hiyo Chome alizifunga folda za mzee kwa neno la siri, akakataza waya wa simu uletao intaneti kuchomekwa ovyo, na kila disketi iliyoingia aliikagua kwanza kama ina virusi. Alikuwa makini kwa mali za watu. Folda yake mwenyewe aliiacha na mkono.

Mwanapili aliacha shule darasa la tano, mama yao alipougua. Mdogo wake, Mejumaa, ndiye aliyesomeshwa mpaka kidato cha nne. Lakini Chome hakumcheka. Kila alasiri alimketisha mbele ya kompyuta ya ndani, akamfundisha kuchapa, kidole kimoja kimoja.

"Wewe ndiye mwanafunzi wangu bora," alimwambia siku moja. Mwanapili aliyarudia maneno hayo moyoni akichota maji, akikuna nazi, akifua.

Ijumaa, baada ya swala, Chome aliketi barazani, akachapa kitu kwa muda mrefu huku akitabasamu peke yake. Akaihifadhi katika folda yake, akatoka kwenda kula. Aliporudi aliwasha printa, ikakwaruza, naye akaikunja karatasi upesi na kuitia katika bahasha kabla mzee hajatokea.

Jumapili wazee wa Chome walifika na bahasha hiyo, imefungwa ndani ya leso mpya. Chome mwenyewe hakuwapo. Posa huletwa na wakubwa. Baba mdogo wa akina Mwanapili alivaa miwani akasoma kwa sauti. Baada ya salamu na dua, barua ilisema: kijana wetu anamwomba binti yenu Mwanapili.

Mjomba wa Chome alikohoa, akaomba maji.

"Heri!" Mzee Chirau alicheka. "Mkubwa ndiye aanze."

Nyuma ya pazia, birika la kahawa lilimtoka Mejumaa mikononi.

Jioni hiyo alimwaga yote mbele ya dada yake. Miezi mitatu alikuwa akionana na Chome Ukunda, na ahadi walikwisha kupeana. Hata kazi ya kuunganisha kompyuta, ni yeye aliyemwombea kwa baba.

Siku ya pili alimfuata Chome huko huko Ukunda, akarudi macho mekundu.

"Ati aliandika jina langu! Ameapa, dada, mkono kifuani. Barua si imesomwa mbele yetu sote? Tena mjomba wake amekwisha kumwambia, nyumba ya watu haiendewi mara ya pili kubadilisha mchumba. Naye kanyamaza. Mwanamume mzima!"

"Pole," Mwanapili alisema.

Wiki sita baadaye, asubuhi ya kupaka hina, Mejumaa alikataa mtu mwingine amguse bi harusi. Aliinama miguuni pa dada yake, akachora maua taratibu, jani kwa jani.

"Sina kinyongo nawe," alisema bila kuinua uso. "Wewe hukujua lolote. Aliyenisaliti ni yule, na kwake sitakanyaga mpaka nife. Lakini wewe, dada yangu, utaishi vipi na mwongo?"

Mwanapili aliuondoa mguu wake mikononi mwa mdogo wake.

"Si mwongo," alisema. "Jina lako aliliandika. Mimi ndiye niliyelifuta."