Goti la Kumsalimia Luhende

Mume wangu Luhende alikuja na mama yake kunichukua nyumbani kwa baba, Majimoto. Walipokaa uani, watu wote wakanitazama mimi. Kwetu mwanamke humsalimia mumewe akiwa amepiga magoti.

"Mtamsamehe," baba akasema. "Goti lake bado bovu."

Bovu! Luhende ndiye aliyeikata kano ya goti hilo kwa teke, msimu wa mvua za Elnino, kwa sababu ya ugali uliochelewa. Kaka zangu walinipandisha treni hadi Mwanza. Kule daktari alichukua kano ya nyuma ya paja langu, akatoboa mifupa, akaipitisha mahali pa ile iliyokatika.

Tangu hapo, miezi tisa, kila asubuhi nilifunga mfuko wa mchanga kwenye kifundo cha mguu, nikaunyanyua huku nalia. Watu walidhani nataka kurudi kulima mpunga.

Nikamwendea mama mkwe. Nikapiga magoti polepole, yote mawili, mpaka nikakalia visigino. Kovu likavutika, likang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe umepona!"

Luhende akatabasamu, akajiweka sawa kwenye kiti, akasubiri zamu yake.

Nikainuka bila kushika chochote. Nikasogea mpaka karibu na viatu vyake, nikasimama wima, nikamnyooshea mkono.

"Habari yako, Luhende?" nikasema, kwa jina lake, mbele ya mama yake mzazi.