Saa Sita Mchana Ngomeni Harrowlaw

"Unaona nini?"

"Barabara tu," Mariota alijibu kutoka juu ya mnara.

Raulf Hedley, naibu wa mkuu wa ngome, alikuwa ameuliza swali hilo mara tano tangu jua lichomoze. Alisimama chini ya mnara wa kusini, shingo ikimuuma kwa kutazama juu. Ngazi za mawe zilikuwa zimevunjwavunjwa na mitambo ya Waskoti ya kurushia mawe. Kilichobaki ni ngazi ya kamba, nayo ilimhimili mtu mwepesi tu. Mariota, mfuaji nguo wa ngome, alikuwa mwepesi kuliko wote, na macho yake yalikuwa makali.

Makubaliano na Waskoti walioizingira ngome yalikuwa wazi. Jeshi la mfalme wa Uingereza likionekana kabla ya saa sita mchana wa siku hiyo, Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Waskoti wangeondoka. Lisipoonekana, lango lingefunguliwa na watu wote mia moja na kumi waliomo wangetoka salama, kila mtu na anachoweza kubeba. Kisha ngome ingechomwa na kubomolewa, isikaliwe tena na yeyote, Mskoti wala Mwingereza. Sharti hilo la mwisho lilimshangaza kila mtu. Hakuna aliyejua limetoka upande gani.

Harrowlaw ilikuwa imebadilisha mikono mara sita katika miaka thelathini, na kila mara bonde lote lilichomwa. Miaka minne iliyopita, jeshi la mfalme lilipokuja kuiokoa, lilikula nafaka yote ya bondeni, kisha likawanyonga wanakijiji kumi na tisa kwa kosa la kuwauzia Waskoti shayiri. Mkuu wa ngome, Bwana Thurstan, ndiye aliyewazika. Wengi wa watu waliojibanza sasa ndani ya kuta walikuwa na ndugu katika kaburi lile.

Thurstan alikuwa na miaka sitini na minane, na mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Asubuhi hiyo alikaa kwenye jiwe karibu na kisima, mikono magotini, akisubiri kama wengine. Farasi wa mwisho alikuwa ameliwa wiki iliyopita. Watu walikuwa wamelala uani kwa udhaifu.

Kiasi cha saa tano, mjumbe wa Waskoti alifika langoni. Alisema kamanda wake yuko tayari kuwapa ng'ombe kumi na mikate ya kuwatosha wote, mradi wafungue sasa hivi, wasingoje saa sita.

Raulf alimjia mkuu wake mbio.

"Bwana mkuu, mtu anayejua atashinda saa sita hatoi ng'ombe saa tano. Wameona kitu hawa."

"Labda wamechoka na mvua, kama sisi tulivyochoka na njaa," Thurstan alisema. "Mwambie tutangoja saa yetu."

Raulf alirudi chini ya mnara na kuuliza tena, safari hii kwa ukali. Mariota alimjibu kwamba ukungu umekaa juu ya kilima.

"Ukitaka nikuzulie jeshi, sema," aliongeza. "Nitakuzulia hata na bendera."

Wachache walicheka kwa shida. Raulf hakucheka. Alivua deraya yake, vazi zito la chuma, akaitupa chini, akashika ngazi ya kamba na kuanza kupanda. Kamba ikalia. Uzi mmoja ukakatika, kisha wa pili.

"Raulf, shuka," Thurstan aliita kutoka kisimani.

Raulf alisema angependa kufa akijua kuliko kufungua lango bila kujua.

"Ukianguka nitampa nani lango? Nafasi yako ni pale. Shuka, hiyo ni amri."

Raulf alikuwa amemtii mzee huyo miaka ishirini. Alining'inia kidogo, akihema, kisha akashuka. Alikwenda langoni bila kumtazama mtu.

Jua lilipanda polepole kupita kiasi. Mama mmoja alianza kusali kwa sauti, wengine wakamfuata. Kengele ya kanisa dogo la ngome ilipogonga saa sita, sala ikakatika katikati. Kwa mara ya mwisho Raulf aliinua uso kuelekea mnarani, na Mariota akatikisa kichwa.

Lango likafunguliwa. Raulf alikabidhi funguo huku machozi yakimtiririka hadharani. Waskoti waliingia mbio, wamebeba kuni na mapipa ya mafuta ya nguruwe, wakawapita watu wenye njaa bila hata kuwatukana. Kabla mtu wa mwisho hajavuka handaki, moshi ulikuwa umeshaanza kutoka madirishani.

Msafara ulishika njia ya mashariki, kuelekea nyumba ya watawa. Raulf alitangulia mbele peke yake. Mariota alikuja nyuma kabisa, akimwongoza mkuu wa ngome kwa kumshika kiwiko. Walitembea polepole mpaka wakabaki mbali na wenzao.

"Wamefika wapi sasa?" Thurstan aliuliza kwa sauti ya chini.

Mariota alisimama. Alitazama mbele, akatazama nyuma. Hakuna aliyekuwa karibu kuwasikia.

"Niliposhuka mnarani walikuwa wanavuka mto, bwana," alisema hatimaye. "Wote, na bendera ya mfalme mbele. Umejuaje?"

"Kilichokufa ni macho. Tarumbeta zao nimezisikia tangu saa nne," mzee alisema, akamkaza mkono. "Ongeza mwendo, mwanangu, wasije wakatukuta."