Jicho la Lupango

Papa Léonard aliinua sahani yake ya ugali mbele ya kamera, akaigeuza upande huu na upande ule, kisha akaanza kuitukana ile kamera.

"Unaona? Bukari na samaki ya Kasenga! Hata kile muntu anakula munataka kujua! Mulianza kuchukua alama ya vidole vyetu juu ya laini ya simu. Kisha mukaleta mashine ya kura. Sasa munahesabu samaki mu sahani!"

Nyuma yake, pale bombani, wapangaji walicheka. Ndivyo ilivyokuwa kila jioni tangu kamera ile ipachikwe juu ya ukuta. Mle lupangoni, katika kiwanja kile kimoja, mlikuwa na nyumba nne, bomba moja na bafu moja la mabati, na jicho lile lilivitazama vyote. Mwenye lupango, Hénoc fulani aliyeishi Johannesburg, hakuna mpangaji aliyewahi kumwona. Walimjua Clément tu, msimamizi wake, aliyepita kila mwisho wa mwezi akigonga milango kudai kodi. Mlango wa Papa Léonard, kile chumba kidogo cha nyuma, hakuugonga.

"Anaogopa mudomo yake," walisema.

Myriam, mpangaji mwenzao, hakucheka sana. Mume wake alikwenda kutafuta kazi migodini, na simu zake zilikuwa zimepungua kama mvua za mwisho wa masika. Alibaki na Exaucée, binti yao anayenyonya. Asubuhi alimwogesha bombani, jioni alimnyonyesha kizingitini, na muda wote alilihisi jicho lile mgongoni kama mkono wa mtu asiyemjua.

"Huko mbali kuna muntu ananiona, na mi simuoni," alisema. "Picha ya mutoto yangu iko mu simu ya nani?"

"Na ile kintu iko na nguvu!" alidakia Mado, msusi wa nyumba ya tatu. "Umeme unakatika Kamalondo yote, taa yake nyekundu inaendelea kuwaka. Mi siku hizi nachana nywele kabla ya kwenda ku choo. Pengine iko mwanaume mutajiri anaangalia."

"Cheka tu," alisema Papa Léonard. "Haki ya muntu ni kama chumvi. Ukiacha bakupunguzie kidogo kidogo, siku moja utalamba bakuli."

Kuja kuitukana kamera, mzee yule hakuja hivi hivi. Alinyoa ndevu kwanza. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama mahali pale pale, penye mwanga. Siku aliyopata fimbo mpya alitembea mbele ya ukuta, akaenda akarudi kama askari wa gwaride, huku akipiga kelele kwamba mguu wake mbovu haumhusu mtu yeyote. Siku ya mvua alikuja na mwavuli.

Myriam alimwonea wivu kwa ujasiri huo.

"Papa, hauchoki?" alimwuliza jioni moja.

"Kunyamaza ndio kunachosha, mutoto yangu."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Kesho yake alimpigia Clément simu mbele ya wote. Akamwambia kwamba wamama na watoto wa mle nao ni watu, na mtu ana haki ya kumwogesha mwanawe bila kutazamwa. Alijiandaa kwa matusi. Jibu likaja kabla jua halijazama: bwana Hénoc amekubali. Kama hawaitaki, itolewe.

Bombani vikapigwa vigelegele. Mado akacheza na ndoo kichwani.

Papa Léonard peke yake hakupiga makofi.

"Amekubali mbio hivyo?" aliuliza. "Hakuuliza kitu?"

"Hata kitu, Papa."

"Hakuuliza juu ya bantu ba humu?"

"Hata muntu mumoja! Tumeshinda, Papa!"

Mzee akaitazama sahani yake, akaingia nayo ndani bila kuionyesha.

Jumamosi Guelor, fundi wa umeme, aliegemeza ngazi ukutani. Myriam, Exaucée mgongoni, akaishika isiteleze. Guelor akalegeza skurubu ya kwanza, akapitisha mkono nyuma ya kamera, akasita. Kisha akamwinamia Myriam, akamnong'oneza, meno yote nje.

"Mama, haina waya. Ndani haina kitu! Ni boksi na betri ya taa tu, ya kutishia wezi. Hii haijaona muntu hata siku moja."

Kicheko kikampanda Myriam kooni. Hofu yote ile, kwa boksi! Kujifunika kote kule! Akageuka ili atangaze, na wa kwanza wa kuambiwa angekuwa Papa Léonard. Huyo angecheka mpaka aanguke.

Mzee alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, shati jeupe mwilini, kofia mkononi. Leo hakupiga kelele.

"Ngoja kidogo, fundi," alisema, akaliinulia uso lile jicho jekundu. "Hénoc, mwanangu. Simu yako hainifikii, nami sikutaka hawa bajue. Lakini mguu bado unanibeba, uliona vile nilitembea. Nakula muzuri, uliona. Baba yako angali muzima. Kuanzia leo sijui nitakuambia wapi."

Guelor, mkono bado nyuma ya boksi, akamtazama Myriam chini ya ngazi.

"Kaza," Myriam akamwambia. "Irudishe vile ilikuwa."