Joto la Žarko

Žarko alikuwa hapumui, au ndivyo ilivyoonekana. Vukašin alimgusa mkia, akamgusa tumbo, akamvuta kidogo ndevu zake za miba. Mjusi hakufumbua hata jicho.

Žarko alikuwa wa binti yake, Nevena, aliyekuwa akiishi Belgrade na mama yake tangu wazazi walipoachana. Mama mtu hakutaka mnyama wa magamba nyumbani kwake, basi mjusi akabaki kwa baba, na kila Jumamosi Nevena alipanda basi kuja kumwona. Vukašin hakujidanganya. Mtoto alikuwa anamfuata mjusi. Žarko akifa, Jumamosi hazitakuwa na mgeni tena.

Na alikuwa amejitahidi. Taa ya joto aliifunga upande mmoja wa sanduku la kioo, juu ya jiwe la kuotea. Taa ndefu yenye mwanga kama wa jua akaipitisha kwa juu, na upande wa pili akauacha na ubaridi kidogo ili mjusi ajichagulie. Nevena alikagua kipimajoto mwenyewe, akaridhika.

Kisha theluji ikaangusha nguzo za umeme. Taa zikazimika, jiwe likapoa.

Ndipo mama yake Vukašin, bibi Desanka, aliposhika usukani. Walipandisha jiko la zamani la kuni kutoka stoo ya chini ya nyumba, wakalichomeka kwenye bomba la moshi ambalo halikuwa limetumika tangu enzi za marehemu mumewe, wakasogeza sanduku karibu. Joto likapatikana. Kilichomtisha Desanka ni upepo wa kupenya. Kwa watu wa Valjevo, mji wao, upepo huo ndio mchawi wa kila kitu, kuanzia jino mpaka mgongo. Alisokomeza matambara kwenye madirisha, chini ya mlango, hata kwenye tundu la hewa juu ya kabati.

Vukašin alipolalamika kwamba kichwa kinamgonga, mama hakushangaa.

"Unaacha mlango wazi kama una mkia unaosubiri kupita," alimwambia. "Huo ni upepo, mwanangu. Kama umekupiga wewe jitu zima, huyo mdudu wako ataponea wapi?"

Alitaka hata kumsugua Žarko kwa rakija, pombe kali ya matunda, kama alivyokuwa akimsugua Vukašin utotoni akipata homa. Vukašin alikataa. Sasa alijuta, labda ingesaidia.

Desanka alikuwa amesinzia kitini kando ya jiko, mashavu mekundu kama ya msichana. Vukašin hakutaka kumtia hofu. Alimficha mjusi ndani ya koti, kifuani kabisa, akatoka kwa kunyata. Akauvuta mlango mpaka tambara likakaza, mama asipigwe na upepo.

Theluji ilimfika magotini na miguu haikuwa na nguvu. Aliteleza, akaanguka, akajipindua ili asimlalie Žarko. Njia nzima alikuwa akimwomba Mungu kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, kwa ajili ya mjusi, na hakuona haya.

Milojka, daktari wa mifugo, alimlaza Žarko juu ya taulo, akamwekea kifaa cha kusikilizia moyo. Vukašin alisimama kando, akiwaza atamwambiaje mtoto.

"Mzima kabisa," daktari alisema hatimaye. "Baridi imeingia, mwanga umepungua, mwenyewe kaamua kulala mpaka majira yageuke. Mijusi hawa ndivyo walivyo. Mwache alale."

Vukašin alishusha pumzi, machozi yakamtoka, na maneno yakafuata. Alieleza habari za jiko na matambara, na jinsi walivyoziba hata tundu la hewa. Alieleza kichwa kilivyomgonga tangu jana, halafu kikaacha chenyewe huku njiani. Akacheka. Akasema nyumba nzima imekuwa ya usingizi, maana hata mama yake, asiyechoka kugomba, leo kalala tangu asubuhi.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameshashika ufunguo wa gari.

"Ulijaribu kumwamsha?" aliuliza.