Wabeba Jeneza

Jeneza la Shomari lilikuwa limefika njia panda pale mwimbaji maarufu aliposhuka garini, akasema naye atatoa bega. Mzee Mbwana, baba wa marehemu, ndiye aliyeshika mbele.

"Mzee, mpishe staa, unaziba kamera," akasema mmoja wa wabebaji.

"Huyu ni mwanangu."

"Tunajua, babu. Si alikuwa shabiki wake? Angefurahi."

Akapisha. Mwimbaji akabeba hatua chache, akapigwa picha, akageuka kurudi garini. Wabebaji wakalitua jeneza barabarani, wakamkimbilia na simu mikononi, wakiliita jina lake.

Mzee Mbwana akachuchumaa, akaingiza bega, akajikaza kuinuka. Upande wa mbele ukanyanyuka, na ndani akamsikia mwanawe akiteleza kwenda nyuma.