Ngedere na Fungu la Wagonjwa

Mwaka mmoja wa ukame, wanyama walikubaliana kutenga fungu la matunda ya kunazi kwa ajili ya wagonjwa na walemavu, wakamkabidhi Ngedere alitunze juu ya jabali. Digidigi, aliyevunjwa mguu na mtego, akajikokota siku mbili hadi kileleni, njaa ikimuuma.

"Umefika kwa miguu?" Ngedere akamuuliza.

"Kwa mitatu, bwana mkubwa."

"Basi wewe mzima. Anayefika hapa anatembea. Hupati kitu."

"Na asiyefika?"

"Huyo hajaomba."

Digidigi akatazama vikapu vya kunazi. "Sasa tangu kiangazi kianze, amepewa nani?"

"Mimi," akasema Ngedere, akishika kiuno. "Mgongo, dada yangu! Hata kuinama siwezi. Ndiyo maana sishuki kuwakagua wenzako."

"Pole sana, kaka. Na huko bondeni Tembo anagawa maembe mabivu, tena yanakwisha."

Ngedere hakungoja. Aliruka jiwe hadi jiwe, akapiga sarakasi mbili hewani, akatua bondeni mbele ya wanyama wote. Maembe hayakuwapo. Wanyama, ambao siku zote aliwaambia mgongo haumruhusu kushuka, wakatazamana, kisha wakamwachisha kazi palepale, wakampa Kobe, aliyeahidi kuwafuata wagonjwa makwao, ingawa polepole.

Kule juu, Digidigi alibaki peke yake na vikapu. Alikula akashiba, ndipo akamwomba Mungu msamaha kwa uongo wake. Nami niliyewasimulia nakiri: hata mimi ningeanza na kunazi.