Fomu ya Chiriku

Fundi cherehani aliweka mkoba wake juu ya kiti cha pembeni, na kila aliyetaka kuketi hapo alimwambia, "Samahani, kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa muuguzi mmoja aliyekuwa akitoka zamu saa nane na kufika akihema, somo likiwa limeshaanza. Hii ilikuwa Jumamosi ya tano. Ukumbi wa chama cha akiba ulikuwa umejaa wazazi wa watoto wadogo, na afisa wa chama alikuwa akiwafundisha namna ya kuweka fedha za chuo kikuu mapema, kidogo kidogo kila mwezi, mtoto angali darasa la kwanza.

"Mchumia juani hulia kivulini," afisa alipenda kuwaambia.

"Juani nipo," muuguzi alikuwa amemnong'oneza fundi Jumamosi ile ya kwanza. "Kivuli ndicho sijui kiko mtaa gani."

Fundi alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa amecheka siku nyingi.

Tangu hapo wakawa wanakaa pamoja. Muuguzi alikuwa mwepesi wa maneno, na maneno yake yote yalikuwa ya binti yake wa miaka sita, ambaye nyumbani walimwita Chiriku kwa vile hafungi mdomo. Chiriku anaogopa radi. Chiriku amejua kuandika herufi zote, ila R anaigeuza. Fundi alimsikiliza kama mtu anayesomewa barua.

"Na wako?" muuguzi aliuliza.

"Wangu naye hivyo hivyo. Radi ikipiga tu, kwisha."

"Meno je? Wangu juzi amelala na jino, ameamka hanalo. La mbele."

"La juu au la chini?"

"La juu."

"Na wangu pia," fundi akasema.

"Basi hawa wamezaliwa nyota moja. Ipo siku tuwakutanishe wacheze."

"Ipo siku."

Fundi aliishi nyuma ya duka lake la kushonea, chumba kimoja. Jioni alifungua kufuli, akawasha taa, akachemsha chai ya kikombe kimoja na kuinywa akiwa amesimama. Kitanda chake kilikuwa cha futi tatu. Wateja waliopita kuchukua nguo zao hawakuwahi kuona ndala ya mtoto mlangoni, na wenye midomo walikuwa wameshaanza kuulizana huyo binti anayewekewa akiba amefichwa wapi. Jumapili alishona mpaka mgongo ukakataa, maana hakukuwa na siku ndefu kama Jumapili.

Jumamosi hii ya tano muuguzi alichelewa kuliko kawaida. Aliketi, hakutoa daftari.

"Nimekuja kuaga, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu amepunguzwa kazini. Wiki ijayo naleta barua ya kujitoa."

"Ukijitoa kabla ya mwaka kwisha, ile nyongeza ya chama inakupita. Na kurudi ni kupanga foleni upya."

"Najua. Lakini chuo kikuu hakiliwi." Muuguzi alikuwa akikunja na kukunjua pindo la sare yake. "Nilikaa kwenye ndoa miaka saba bila mtoto, unajua? Huyu nilimpata nimeshakata tamaa. Siku hiyo hiyo nikaapa kwamba hatakosa kitu. Ona sasa."

Fundi aliutazama ubao kwa muda mrefu, ingawa afisa alikuwa ameshaufuta.

"Usiandike barua bado. Nipe wiki moja."

"Ya kufanya nini?"

"Wiki moja tu, dada."

Jumatatu aliiuza cherehani yake ya umeme, ile aliyoilipia kwa miaka mitatu, akabaki na ya zamani ya kukanyaga kwa mguu. Wanunuzi walipoitoa mlangoni, alifagia nyuzi na vumbi vilivyoachwa chini yake, akafunga duka, akaenda ofisi ya chama.

Afisa alikuwa peke yake. Fundi akaweka bahasha mezani.

"Nataka kumlipia mtoto wa yule muuguzi. Mwaka mzima. Mwenyewe mwambie amepata mfadhili, basi."

Afisa alihesabu, akashangaa, akahesabu tena. Kisha akafungua jalada na kutoa fomu ya Chiriku.

"Inaruhusiwa. Ila hapa lazima nijaze uhusiano wa mlipaji na mtoto. Niandike nani? Shangazi? Mama mdogo?"

Fundi aliitazama ile nafasi tupu kwenye fomu.

Afisa aliishika ile fomu mkononi, akamtazama kwa huruma. Maneno ya mtaani yalikuwa yamemfikia yeye pia.

"Mama, sipendi kukuingilia," alisema. "Wenzako wote wameshaleta fomu za watoto wao. Wewe wiki tano sasa, ya binti yako sijaiona. Kama hayupo, sema tu, upweke si dhambi, na hapa hakuna atakayekucheka. Lakini kama yupo, vipi umlipie wa mwenzio kabla ya wako?"

"Yupo," fundi alisema. "Fomu yake ndiyo hiyo uliyoishika. Nilipomzaa sikuwa na pa kumlaza, nikamtoa alelewe. Mama yake hajui kuwa ni mimi, kwa hiyo wewe andika jirani."